Barua isiyo na salamu

Kaka yangu yuko Nkuhungu, Dodoma. Mimi niko Leicester, Uingereza, huu mwaka wa tisa. Ndani ya miaka miwili tumeuziwa wote mbuzi kwenye gunia, kila mmoja upande wake wa dunia, na mbuzi mwenyewe alikuwa gari. Ndiyo maana nikija likizo mtu akaniambia "nyie huko mna raha, Mzungu hadanganyi", huwa nacheka tu. Aliyeniuzia mimi alinikaribisha chai, akaniuliza habari za Serengeti, kisha akanipiga pauni 3,200 mchana kweupe.

Kilikuwa kigari cha kuendea kazini. Nahudumia wazee majumbani, na zamu nyingine zinaanza kabla basi la kwanza halijatoka. Siku ya tisa taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Siku ya kumi na mbili gia zikaanza kupiga mateke: ukitoka ya pili kwenda ya tatu gari linaruka kama paka aliyekanyagwa mkia. Nikapiga simu. "Lilete Alhamisi." Alhamisi nikakuta geti limefungwa. Nikapiga tena na tena, mpaka siku alipopokea akaniambia niisome risiti vizuri, imeandikwa kwamba nimelinunua gari kama nilivyoliona. Nikajiona nimesimama soko la Majengo, nimeshika risiti yenye ule muhuri wa "mali ikishauzwa hairudishwi".

Nilikuwa tayari kumwachia Mungu. Aliyenizuia ni mama mmoja wa Kijamaika niliyekuwa naye zamu. Aliniuliza swali moja: "Umemwandikia?" Nikamjibu nimempigia mara kumi na moja. "Sikukuuliza umempigia mara ngapi."

Kumbe wana Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015. Ukinunua kwa mfanyabiashara na kitu kikawa kibovu, ndani ya siku 30 una haki ya kukirudisha na kupewa pesa yako yote. Zikipita siku hizo, anapewa nafasi moja ya kutengeneza, akishindwa ndipo unarudisha, ila kwa gari anaruhusiwa kukukata kidogo kwa jinsi ulivyolitumia. Na ubovu ukijitokeza kabla ya miezi sita kwisha, inahesabiwa ulikuwepo tangu siku ya mauzo mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Yale maneno ya "kama ulivyoliona" hayamsaidii kitu. Yangekuwa na uzito zaidi kama ningenunua kwa mtu binafsi anayeuza gari lake la nyumbani. Mimi nilikuwa siku ya kumi na tisa.

Tukaandika barua jikoni kwake. Nilianza na "natumaini u mzima wewe na familia". Akaifuta. Nikaweka "samahani kwa usumbufu". Akaifuta pia. "Unamdai, humsalimii." Ikabaki mistari sita: tarehe, namba ya gari, ubovu, kwamba nalikataa gari, kwamba nataka pesa yangu, na siku 14 za kujibu kabla sijaenda mahakamani. Nilipoisoma nilisikia aibu, kama nimemtukana mtu mzima.

Hakujibu. Nikafungua madai mtandaoni nikiwa nimekaa kitandani, bila wakili, nikalipa ada ya mahakama ambayo ukishinda huongezwa kwenye deni. Tangu mwaka 2024 madai madogo ya pesa kama hayo lazima yapitie kwanza usuluhishi wa simu, usiozidi saa moja, bure. Kwa hiyo hata Waingereza wana wazee wao wa baraza, tofauti huwaoni sura. Msuluhishi alikuwa ananipigia mimi, anakata, anampigia yeye, anarudi kwangu. Tulikubaliana alichukue gari lake na anirudishie pauni 2,900 kwa awamu mbili. Jumla ilinichukua miezi saba. Nasema hivyo ili mtu asidhani huku ukibonyeza kitufe pesa inarudi. Wapo wanaoshinda kesi na wasilipwe, kwa sababu kampuni imeshafungwa na mwenyewe kafungua nyingine jina jipya, yadi ileile.

Sasa njooni Dodoma.

Kaka aliuza kiwanja akanunua Toyota Noah, shilingi milioni 14 na nusu, kwenye yadi moja hapo mjini. Alitaka apeleke abiria na mizigo yao njia ya Iringa. Safari ya tatu gari likachemsha kabla ya kufika Mtera. Wakasimama juani, akina mama wanatoa maji yao ya kunywa yamwagwe kwenye rejeta. Fundi wa Kizota alipochomoa kijiti cha kupimia oili, ilitoka rangi ya chai ya maziwa. Maana yake maji yameingia kwenye oili, gasketi ya silinda hedi imekufa. Na kwenye rejeta akakuta makapi ya ile dawa ya kuziba mivujo, kwa hiyo aliyeliuza alijua. Kaka alinitumia picha ya kile kijiti saa nane usiku kwa saa zenu, bila neno hata moja.

Kisha kalenda zikaanza kupigwa. Bosi yuko Dar. Bosi ana wageni, subiri Bunge liahirishwe. (Mji wetu siku hizi kila uongo unaegeshwa kwenye Bunge.) Dalali alishakula cha juu chake, simu haipatikani. Na mkataba uliogongwa muhuri na wakili una ile sentensi tunayoisaini wote macho yamefumba: "Mnunuzi amelikagua gari na ameridhika nalo kama lilivyo."

Hapa ndipo ninapobishana na watu wanaosema kwetu hakuna sheria. Ipo. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, imechukuliwa kutoka ile ya Waingereza ya mwaka 1893, na inasema muuzaji wa bidhaa za aina hiyo anabeba sharti lisilotamkwa kwamba kitu kina ubora wa kuuzika. Ukikikagua, unapoteza madai kwa kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Bodi iliyobonyea utaiona, kwa hiyo hiyo ni yako. Gasketi iliyozibwa kwa dawa huwezi kuiona kwa kupiga teke matairi. Ipo pia Sheria ya Ushindani ya 2003, na Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji dhidi ya kudanganywa. Na Mahakama ya Mwanzo inaendeshwa kwa Kiswahili, huhitaji kuvaa tai ya wakili.

Kinachotushinda ni kitu kingine. Kwetu kudai ni ugomvi. Jioni moja, kwa ajili ya hilo gari, nyumbani kwa kaka walijaa watu: baba mdogo katoka Kongwa, mwenyekiti wa mtaa, majirani, wanaume wawili wa kwaya. Kila mmoja na hadithi yake ya gari. Pole alizopewa kaka zingejaza tela. Mimi kwa miezi saba sikupewa pole hata moja; yule msuluhishi aliponiaga alisema "asante, siku njema", nikabaki naangalia ukuta. Kile kikao cha Nkuhungu nilikitamani sana, sitaficha.

Lakini kikao kiliamua nini? Baba mdogo alisema, "Huyo mwenye yadi ni mtu wetu, mnasali wote. Mmalizane kiutu uzima." Kumalizana kukawa hivi: bosi atoe gasketi, kaka alipe fundi, na asilizungumze tena jambo hili mbele za watu. Silinda hedi iliyopinda nani ataichonga? Kimya. Kaka aliyetapeliwa ndiye aliyeombwa awe na busara, na aliyemtapeli akaombwa radhi kwa kusumbuliwa. Sina neno na usuluhishi, wala na wazee. Ila huku nyuma ya ile simu ya saa moja kulikuwa na tarehe ya mahakama inangoja, na yule muuzaji alilijua hilo. Nyuma ya wazee wetu hakuna kitu, na mwenye yadi naye analijua hilo.

Shemeji akashauri twende polisi, tukachukue RB, ile namba ya kesi iliyofunguliwa kituoni, anamfahamu askari mmoja. Nilikataa kwa nguvu. Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa la jinai kweli, lakini tunavyolitumia ni kumtisha mtu alale ndani usiku mmoja ili ndugu zake wachangishane. Leo unamfanyia mwenye yadi, kesho anayekudai wewe ada ya shule anakufanyia hivyohivyo.

Kitu kimoja cha huku ningekiiba nikipakie kwenye begi. Gari lililozidi miaka mitatu hupimwa kila mwaka, na majibu yako wazi kwa kila mtu. Unaandika namba ya gari mtandaoni, bure, unaona lilikuwa na maili ngapi kila lilipopimwa na fundi alilalamikia nini. Mimi nilikuwa na haraka, niliangalia baada ya kulipa. Kilichoniangusha kiliandikwa humo tangu mwaka uliotangulia: oili inavuja. Kosa langu hilo.

Nyumbani tunapima gari kwa herufi. "Hii namba D, hii namba E, mpya kabisa." Herufi inakuambia limesajiliwa lini Tanzania, haisemi limeishi vipi Japani. Gari la 2005 linaweza kuvaa namba E likameremeta. Na kilomita, sijui ni miujiza gani, kila gari yadini limetembea sabini na kitu elfu. Lile lililotoka mnadani Japani huwa lina karatasi ya mnada yenye daraja lake na kilomita zake. Kaka hakuiomba. Angeiomba, najua angejibiwa "kwani huniamini?", na hapo kwetu mazungumzo huwa yameisha.

Basi mwezi uliopita tukaandika barua, mimi huku, yeye kule, kwa simu, wiki nzima. Kipengele cha ubovu hatukubishana. Picha ya kijiti tuliambatisha, na maelezo ya fundi yenye sahihi yake. Siku 14, kisha Mahakama ya Mwanzo. Tulichobishana ni mstari wa kwanza. Yeye aliandika: "Salaam, kaka. Natumaini u mzima na familia haijambo." Nikafuta. Akairudisha. Nikafuta, nikamwambia maneno ya yule mama wa Kijamaika. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mdogo wangu, wewe uko Leicester. Mimi Jumapili nitakaa naye benchi moja."

Aliipeleka mwenyewe, na salamu yake, akamsainisha karani kwenye nakala kwamba imepokelewa. Siku ya tatu bosi akapiga. Alianza kwa kujibu salamu, familia iko salama, mtoto tu ana mafua. Kisha akauliza, "Sasa kaka, hili la mahakama linatoka wapi, kuna ugomvi gani kati yetu?"

Kaka akamwambia hakuna ugomvi, zimebaki siku kumi na moja.