Hesabu Nanasi Lenyewe, Achana na Video

Imenifikia tena, safari hii kupitia kundi la WhatsApp la ukoo: ile video ya "namba ya siri ya uumbaji". Filimbi inalia, sauti nzito inasimulia, inakuja alizeti, kimbunga, kombe la bahari, sikio la mtoto, na 1.618, namba iitwayo uwiano wa dhahabu, inaelea juu ya kila kitu. Mwishoni kuna namba ya simu ya kulipia semina. Chini yake shangazi kaandika "Amina". Mimi nikaandika "hilo kombe si kweli", nikaambiwa usomi umeniingia kichwani.

Basi nisemee hapa, ambako shangazi hafiki.

Kombe hilo ni la mnyama wa baharini aitwaye nautilasi; lina msokoto mzuri, na una kanuni yake: kila mzunguko unapanuka kwa kiwango kilekile. Ila kiwango hicho ni kama mara 3. Msokoto wa uwiano wa dhahabu hupanuka karibu mara 7 kwa mzunguko mmoja. Hata kwa jicho la kengeza, 3 na 7 hazifanani. Na lile dai kwamba kitovu hugawa urefu wa mtu kwa uwiano huohuo, chukua tepu ya fundi cherehani uwapime watu wa nyumbani kwako, kisha uniambie.

Kinachoniuma hasa ni kwamba ukweli upo, na ni mtamu kuliko huo uongo.

Chukua nanasi. Likipatikana la Kiwangwa ni bora, maana hata hesabu ikikushinda hutakuwa umepata hasara. Magamba yake yamejipanga kwa mistari ya mshazari. Fuata mstari mmoja unaopanda polepole, uutie wino, halafu uhesabu mistari yote iliyo sambamba nao mpaka urudi ulipoanzia. Kwa kawaida ni 8. Geukia mshazari wa upande wa pili, ule wenye mwinuko mkali zaidi: 13. Ukiwa na subira utaona na wa tatu, uliokaribia kusimama wima: 21. Nane na 13 ni 21: hizo ndizo namba za Fibonacci, ambapo kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Gawanya 21 kwa 13, unapata karibu 1.618. Hakuna filimbi iliyohitajika.

Kwa nini iwe hivyo? Hapo ndipo video inanyamaza, na hapo ndipo utamu ulipo. Mmea haujui kujumlisha. Kwenye ncha yake ya kuotea, mahali padogo mno, vichipukizi huzaliwa kimoja baada ya kingine, na kila kimoja hufyonza homoni iitwayo oksini iliyo jirani yake. Kinachofuata hakina pa kuchomoza ila pale ambapo waliotangulia wako mbali. Ni abiria anayeingia kwenye daladala lenye nafasi: anakaa mbali na wengine, bila kuagizwa na konda. Kila kichipukizi kikijitafutia nafasi namna hiyo, pembe kati yake na kinachofuata hutulia kwenye nyuzi 137.5 hivi. Ingekuwa nyuzi 90, cha tano kingekaa juu ya cha kwanza na mmea ungebaki na safu nne zenye mapengo katikati. Kwa 137.5 hakuna anayemkalia mwenzake kichwani, hata ukiendelea mpaka kesho. Hizo 8, 13 na 21 zinajitokeza zenyewe kutokana na pembe hiyo.

Mwaka 1992 wanafizikia wawili wa Ufaransa, Stéphane Douady na Yves Couder, walidondosha matone ya kimiminika chenye sumaku kwenye sahani ya mafuta ya silikoni, katikati ya uga wa sumaku. Matone yakawa yanasukumana kuelekea ukingoni. Walipoongeza kasi ya kudondosha, yakajipanga kwa misokoto ileile ya alizeti. Mafuta na sumaku tu! Semina ya jambo hilo ningeilipia hata leo.

Kuna atakayesema namwondoa Mungu kwenye picha. Simwondoi. Nasema Muumba aliyelipanga shamba zima la alizeti pale Singida kwa kanuni ndogo ya "kaa mbali na jirani yako" hahitaji kusaidiwa kwa picha zilizochakachuliwa.

Na hata alizeti zina ukaidi wake. Huko Manchester, mwaka 2012, wananchi waliombwa kuotesha alizeti kumkumbuka Alan Turing, mwanahisabati wa Uingereza ambaye kabla ya kufariki mwaka 1954 alikuwa akihangaika na fumbo hilihili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: katika maua 657, takriban moja kati ya matano halikufuata namba za Fibonacci. Anayesema "kila ua duniani" hajahesabu.

Halafu kuna ujanja wa petali. Namba za Fibonacci huanza 1, 1, 2, 3, 5, 8. Kati ya 1 na 5, ni 4 pekee iliyoachwa nje, kwa hiyo ukiokota ua lolote lenye petali chache una nafasi kubwa ya "kugundua siri". Karafuu ina petali 4. Watu wa Pemba wamenyimwa uumbaji?

Jina lenyewe limepachikwa tu. Leonardo wa Pisa, tunayemwita Fibonacci, alijifunza hesabu akiwa Bijaya, Algeria, na kitabu chake chenye namba hizo ni cha 1202. Kabla yake, Wahindi walishazipata namba hizo wakihesabu silabi fupi na ndefu za mashairi; mwanazuoni wao Hemachandra aliziandika kama nusu karne mapema. Washairi! Malenga wetu wanaobishania mizani wana ndugu wa mbali ambao video haiwajui.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba video hiyo imemfanya mpwa wangu aulize swali la hesabu bila kutishiwa kiboko. Haya, basi nimpe kazi. Achukue hindi ahesabu mistari ya punje, sehemu ya katikati ambako punje zimejaa vizuri. Atapata 12, 14, 16, pengine 18: shufwa, maana vichipukizi vya punje za mahindi huzaliwa pacha. Hiyo 13 ya Fibonacci aitafute kwenye magunzi ya mtaa mzima, na akidhani ameipata, ahesabu upya, kwanza aweke alama pa kuanzia.