Nisini: bakteria kumuua bakteria mwenzie, ila si wote

Kwenye baadhi ya jibini za kupaka utakuta pameandikwa E234, mtu anashtuka akidhani kemikali, kumbe ni nisini, kihifadhi chakula ambacho ni protini ndogo ya amino asidi (vipande vinavyojenga protini) 34 tu inayotengenezwa na Lactococcus lactis, bakteria wale wale wanaogandisha maziwa. Imejulikana tangu 1928 na Marekani iliiruhusu kwenye jibini hizo 1988.

Inavyoua ndo patamu. Bakteria akijenga ukuta wake anatumia kitu kinaitwa lipidi II, ndo kinachombebea matofali, sasa nisini inakidaka hichohicho, ujenzi unakwama, halafu hapohapo inapenya na kutoboa utando, potasiamu inavuja, ATP, nishati ya seli, inavuja, kwisha habari. Listeria, bakteria anayeleta ugonjwa kupitia chakula na ambaye hata ndani ya friji anaendelea kuzaliana, hapa anapatikana, na spora (kama mbegu ngumu) za Clostridium botulinum, bakteria wa sumu ya botulinum, nazo zinazuiwa zisikue. Ukishaila inameng'enywa utumboni kama protini nyingine.

Haya, wanaopinga kuitegemea kwenye chakula nao wana hoja tena nzito. Salmonella na E. coli, bakteria wengine wanaoleta magonjwa ya tumbo, wana utando mwingine wa nje, nisini peke yake haiupiti, mpaka uilegezee njia na kemikali kama EDTA. Halafu maabara na chakula ni vitu viwili tofauti, kwenye sahani ya maabara unaona duara safi kabisa wadudu wamekufa, weka kwenye nyama uone, mafuta yanaing'ang'ania, vimeng'enya vya nyama mbichi vinaidhoofisha, na isipokuwa kwenye asidi nguvu yake inashuka. Na kuna Listeria wanaobadilisha ukuta na utando wao wakabaki wazima.

Wengine wanasema basi tia Lactococcus wenyewe kwenye chakula watengeneze nisini humohumo. Sawa, ila hawa hutengeneza kwa wingi wakishajaa, na wakijaa wanachachusha, ladha inabadilika utake usitake.

Mi neno "asilia" wanalolitumia kuisifia nisini ndo linaniudhi kwenye huu mjadala, manake sumu ya botulinum nayo ni asilia, tena ya bakteria. Nachoitetea nisini ni kwamba kwenye vyakula vya makopo inaruhusu moto upunguzwe kidogo chakula kisirojeke. Ila mtu anayeanza na malighafi chafu akitegemea nisini imsafishie, huyo anamtoa Listeria na kumwachia Salmonella chumba.