Amri ya malezi iandikwe mpaka siku na saa

Kwetu Mwanza wazazi wakiachana, watu huuliza mtoto atabaki na nani, na jibu likipatikana kesi imekwisha. Hapa Leicester ninakoishi maswali ndiyo yanaanza: Ijumaa nani anamchukua shuleni, Krismasi analala kwa nani, simu inapigwa siku gani. Zamani niliona kama Waingereza wanajisumbua. Sasa natamani tungesumbuka hivyo hivyo na sisi.

Sheria tunazo, tena nzuri. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ustawi wa mtoto uwe mbele, na inachukulia kwamba aliye chini ya miaka 7 ni vema akae na mama, isipokuwa upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kumtembelea mzazi mwingine na kukaa kwake kila anapotaka, ilimradi masomo yasivurugike. Nasoma hapo na moyo unafurahi. Lakini mtoto wa miaka sita aliyeko Igoma, Mwanza, atapandaje feri ya Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa sababu tu ametaka?

Huyo ni mtoto wa mdogo wangu wa kike. Mama yake anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Baba yuko Ukerewe. Amri waliyopewa inasema mtoto akae na mama, baba awe na ruhusa ya kumwona kwa nyakati zinazofaa. Zinazofaa kwa nani? Shule zikifunga, baba anamchukua, na zikifunguliwa mtoto bado yuko kisiwani. Mama naye kwa hasira anazima simu ili baba asiongee na mwanawe. Kila mmoja ana karatasi ile ile ya mahakama mkononi na kila mmoja anaapa anaitii. Halafu baba wadogo wanaingia: ng'ombe tulitoa, mtoto ni wa kwetu. Ni kweli sheria inamwambia hakimu atazame na mila za jamii ya wazazi, lakini ustawi wa mtoto unabaki juu ya ng'ombe.

Hapa Uingereza, tangu 2014, amri moja inataja mtoto anaishi na nani, anakaa na nani wakati mwingine, na lini. Mzazi akiivunja bila sababu ya msingi, mahakama inaweza kumpa kazi ya bure ya saa 40 hadi 200, na akizidi kukaidi, faini au hata jela. Haimalizi chuki. Nimeona wazazi wakikabidhiana mtoto bila hata kusalimiana. Ila mtoto anajua Ijumaa anakwenda wapi, na hilo kwake ni kubwa sana.

Kuna jambo moja ambalo sisi tumewapita, na nalisema kwa fahari. Huku bibi akitaka mahakama impe muda na mjukuu, kwa kawaida lazima kwanza aombe ruhusa ya kuleta ombi lenyewe. Kwetu Sheria ya Mtoto inamruhusu ndugu anayemlea mtoto kuomba malezi moja kwa moja, na ndugu aliyekuwa akimlea anaweza kuomba kumtembelea. Bibi zetu wa Sengerema na Magu wanaolea wajukuu tangu wakiwa wachanga wangeelezwa hili kanisani, msikitini, hata kwenye vikao vya vikoba. Wengi wananyang'anywa mtoto kimya kimya na kudhani hawana pa kusemea.

Ninachowaomba ndugu zangu mnaokwenda mahakamani: msiridhike na mstari mmoja. Mwambieni hakimu mnataka siku, saa, mahali pa kukabidhiana na nani analipa nauli. Mkikaa kwanza na wazee, au mbele ya afisa ustawi wa jamii, andikeni mlichokubaliana mkipeleke mahakamani kiingizwe kwenye amri. Amri ya zamani nayo inaweza kubadilishwa hali ikibadilika.

Mdogo wangu amekwisha kuandika orodha yake: tarehe za likizo, feri ya kwenda na ya kurudi, simu kila Jumapili jioni. Shemeji ameisoma na amekubali yote isipokuwa Krismasi. Hiyo ataiamua hakimu.