Kabla ya Kuwasha Mota, Mpe Mwingine Nafasi ya Kukukatalia

Kila nikisema hapa Lubumbashi kwamba mdogo wangu anatengeneza roketi, swali la kwanza ni lile lile: itapanda mpaka wapi? Naelewa linakotoka. Katanga ina historia yake ya roketi. Kampuni ya Kijerumani OTRAG, iliyoanzishwa na Lutz Kayser mwaka 1975, ilipewa na serikali ya Mobutu eneo kubwa kaskazini mwa mkoa, upande wa mto Luvua, na kuanzia Mei 1977 ikawa inarusha roketi kutoka kule juu uwandani. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, Mobutu mwenyewe alikuwepo kuitazama, na ilishindwa. Mwaka uliofuata kampuni ikaambiwa ifungashe. Upande wa Kinshasa, Jean-Patrice Keka amerusha roketi zake za Troposphère kutoka Menkao, na wengi wetu tumezifuatilia kwa fahari. Katika hadithi zote hizo tunachokumbuka ni urefu, moshi na wakubwa waliokuja kutazama.

Mimi natetea kitu kingine. Anayejiandaa kwa mruko wake wa kwanza wa cheti, ule unaomruhusu kurusha roketi za nguvu kubwa, anapaswa kuusahau urefu kabisa. Kazi yake kubwa ni kutengeneza kitu ambacho mtu mwingine, asiyemwonea haya, anaweza kukikagua kipande kwa kipande na kusema: hiki hakiruki leo. Kisha akubali.

Nieleze taratibu zilivyo, maana watu wengi hapa wanadhani cheti hiki ni kama zawadi ya mashindano. Mdogo wangu anasoma Marekani. Huko kuna vyama viwili vinavyokitoa: National Association of Rocketry, kilichoanza mwaka 1957, na Tripoli Rocketry Association. Roketi huingia kundi la nguvu kubwa pale jumla ya msukumo wa mota yake inapozidi nyutoni-sekunde 160. Mota hupangwa kwa herufi, na upeo wa kila herufi ni mara mbili ya ile iliyotangulia: H inaishia 320, I inaishia 640. Daraja la kwanza la cheti linahusu H na I. Mwombaji awe ametimiza miaka 18, awe mwanachama, awe amejenga roketi kwa mikono yake. Ataileta ikaguliwe, atairusha mbele ya shahidi mwenye cheti, ataiokota na kuirudisha mezani ikaguliwe tena. Parashuti isipofunguka, hapati. Ikirudi imevunjika kiasi cha kutoweza kuruka tena, hapati. Popote katika masharti hayo hutakuta kiwango cha mita za kupanda.

Likizo yake iliangukia kiangazi chetu, basi mwili wa roketi ameujenga hapa nyumbani, Kamalondo. Mimi nilishika taa na kupitisha msasa, kwa sababu gundi na vipimo lazima viwe vyake. Mota haiwezi kupanda ndeke ndani ya sanduku la abiria, na hata haihitaji kufika huku: ataipata kule kule, kwa muuzaji anayetambuliwa na chama.

Roketi yenyewe ni nene kuliko watu walivyotarajia. Bomba lina upana wa sentimita 10, na uzito wote pamoja na mota unakaribia kilo 2. Wajomba walipoiona wakauliza kwa nini asingetengeneza nyembamba ipande zaidi. Hesabu ndiyo inayojibu. Kwa mota ndogo ya H, roketi ya uzito huo itafika kama mita 300. Parashuti ikiishusha kwa mita 6 kwa sekunde, itakaa hewani karibu sekunde 50, na upepo wa mita 5 kwa sekunde utaisukuma mita 250 tu. Ukiipandisha mita 1,000, upepo ule ule utaipeleka zaidi ya mita 800: juu ya miti ya watu, ng'ambo ya barabara, mahali usipoiona tena. Na roketi isiyopatikana haiwezi kukaguliwa. Unene unailetea upinzani wa hewa, upinzani unaipunguzia mbio, na shahidi anaiona kwa macho tangu inaacha reli ya kurushia mpaka inagusa ardhi. Kwangu hiyo ndiyo akili ya mruko wa kwanza.

Kuna mambo matatu ya kupanda ambayo hayana mjadala. Msukumo wa mota usipungue mara tano ya uzito wa roketi. Kwa kilo 2 maana yake ni nyutoni 100 au zaidi. Roketi ikiacha reli iwe imefikia kama mita 15 kwa sekunde, vinginevyo mapezi, yale mabawa madogo ya nyuma, hayajapata hewa ya kutosha kuinyoosha. Halafu kitovu cha uzito kiwe mbele ya kitovu cha nguvu za hewa kwa umbali usiopungua upana mmoja wa bomba, hapa sentimita 10. Programu ya OpenRocket, iliyoanza kama kazi ya chuo ya Sampo Niskanen kule Finland na haiuzwi, inakokotoa hayo yote. Lakini programu inajua tu ulichoiambia. Gundi ina uzito, rangi ina uzito, kwa hiyo kitovu cha uzito kitafutwe kwa kuining'iniza roketi iliyokamilika, na mota imo ndani.

Sasa kurudi. Hapa ndipo roketi nyingi za cheti cha kwanza zinapoangukia, na hapa ndipo ningependa vijana wetu watumie robo tatu ya muda wao.

Mota ikimaliza kuwaka, roketi inaendelea kupanda kwa mbio zake zenyewe. Ndani ya mota kuna kipande kinachoungua polepole bila kusukuma. Ndicho kinachohesabu sekunde. Kikiisha kinawasha baruti kidogo, gesi inajaa bombani, pua inachomoka, parashuti inatoka. Kwa roketi hii sekunde hizo ni kama 7 au 8. Zikizidi, roketi imeshageuka na inashuka kwa kasi, na parashuti ikitoka hapo kamba yake inalipasua bomba kuanzia mdomoni kwenda chini. Zikipungua, kamba inapasua vilevile, safari hii roketi ikiwa bado inapanda. Kwa hiyo sekunde zinakatwa kwa kifaa maalumu, kwa hesabu iliyoandikwa, wala hazikadiriwi kwa jicho.

Halafu mota yenyewe izuiwe. Gesi ile haichagui njia. Inasukuma pua mbele na inasukuma mota nyuma. Mota isipofungwa imara kwa nyuma, ndiyo itakayotoka, parashuti ibaki ndani, na roketi ishuke kichwa chini. Kila anayekagua anaanza hapo: anashika mwisho wa mota na kuvuta.

Pua nayo ina kipimo chake. Ikiwa legevu mno itatoka njiani, ikibana mno baruti itashindwa. Ukiinua roketi nzima kwa kushika pua, mwili usianguke. Ukiitikisa kidogo, uachie. Sasa fikiria bomba la karatasi ngumu lililojengwa Lubumbashi mwezi wa saba, hewa kavu hata midomo inapasuka, halafu linapelekwa penye unyevu. Karatasi na mbao hunywa maji ya hewani na kuvimba. Pua iliyokuwa inateleza vizuri Kamalondo inaweza kugoma uwanjani. Mdogo wangu ameiacha ilegee kidogo na atairekebisha kwa utepe wa karatasi wenye gundi siku yenyewe.

Mji wetu una masharti mengine pia. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba hapa ni baridi kali, na gundi ya epoksi kwenye baridi hukawia kushika. Unaigusa asubuhi unadhani imekauka, kumbe ndani bado laini. Vumbi la kiangazi linatua juu ya kila kitu, hivyo pezi linasuguliwa msasa, linafutwa kwa spiriti, linagundishwa saa ile ile. Mapezi yamepenya ukuta wa bomba hadi kwenye bomba la ndani linaloshika mota, na pembe zake zimejazwa epoksi pande zote. Tena tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kwa zaidi ya moja ya kumi, na parashuti ile ile itashuka kwa haraka zaidi huku kuliko pwani. Siku tutakapopata ruhusa ya kurusha huku kwetu, hesabu za parashuti zilizochapishwa na watu wa mabondeni tusizichukue kama zilivyo.

Nirudi kwenye ukaguzi, ndio moyo wa maneno yangu. Tulikuwa na roketi isiyo na mota, na mkaguzi yuko mbali. Mdogo wangu akasema: "Yaya, tutafute wa hapa." Tukaenda kwanza kwa mama mshonaji wa mtaani. Hajawahi kuona roketi. Alishika parashuti, akavuta kamba moja moja, akauliza: "Ikifunguka kwa ghafla, uzito wote unaingia kwenye uzi gani?" Mdogo wangu akamwonyesha: kamba zinapita juu ya kitambaa chote kutoka upande mpaka upande, uzi unazishikilia tu. Mama akafikiri, akavuta tena kwa nguvu zake zote, akatikisa kichwa kukubali. Swali lile ndilo lingeulizwa uwanjani Marekani, na lilitoka kwa mtu aliyeshona maisha yake yote.

Wa pili ni mzee mmoja aliyefanya kazi ya migodi, Gécamines, tangu ujana. Yeye hakuangalia mapezi. Aliuliza: "Mwanangu, ukibonyeza na isiwake, mnafanya nini?" Mdogo wangu akajibu kama kanuni inavyosema: unatoa ufunguo wa usalama, unasubiri sekunde 60, hakuna anayesogea kabla ya hapo. Mzee akasema migodini walisubiri muda mrefu zaidi, na kwamba wale wasiosubiri anawakumbuka kwa majina. Kisha akauliza watazamaji watasimama wapi. Kwa mota ya H ni mita 30 au zaidi. Akataka ajue nani ana mamlaka ya kusimamisha kila kitu. Nasema kwa dhati: tuna walimu wa usalama mji mzima, wamekaa mbele ya nyumba zao, na hatuwaulizi.

Hapo hapo niguse jambo linaloniogopesha. Vijana wanaona video, wanaanza kuchanganya baruti na mafuta ya roketi jikoni. Msifanye. Michezo hii ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, siku za Sputnik, setilaiti ya kwanza, wakati watoto wa Marekani walikuwa wanajilipua kwa mabomba waliyojaza wenyewe. Orville Carlisle na G. Harry Stine wakaleta mota iliyotengenezwa kiwandani na kanuni za usalama, na vyama hivi vikakua juu ya msingi huo. Anayejenga mwili mzuri bila mota ameshafanya uhandisi. Anayechanganya unga kwenye sufuria ya bukari anacheza na macho na vidole vya wadogo zake.

Na msialike umati. Najua kwetu jambo jema lazima lishuhudiwe, mama wakubwa waje, picha zipigwe. Lakini mbele ya wageni ni vigumu kusema upepo umezidi, tunaahirisha. Kanuni inakataza kurusha upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa, na anayerusha mara ya kwanza asingoje hata kufika hapo. Mdogo wangu amewaambia nyumbani kwamba atapiga simu baada ya mruko, na hataji tarehe. Baba hakupenda mwanzoni. Mimi nilimuunga mkono mdogo wangu, na ningemuunga mkono tena.

Ninachoomba hapa Lubumbashi ni kidogo. Tuna Polytechnique ya chuo kikuu, tuna mafundi wa kila namna, tuna miezi mingi mikavu. Kurusha kunahitaji idhini ya wakuu wa anga, nyasi za kiangazi zinawaka upesi, na uwanja wa ndeke wa Luano uko jirani, kwa hiyo hakuna anayerusha kesho. Meza ya ukaguzi haihitaji idhini ya anga. Mwanafunzi alete mwili wa roketi yake bila mota, aoneshe kitovu cha uzito kwa kamba, avutwe mapezi, aulizwe na mshonaji, aulizwe na mzee wa mgodi, aambiwe rudi wiki ijayo. Mdogo wangu ameniachia karatasi ya maswali, nami nimeanza kuiandika kwa Kiswahili. Mizani na taa ninazo. Mwenye chumba chenye meza ndefu, Kamalondo au mtaa wetu wa Kenya, ambacho kiko wazi siku ya posho (Jumamosi) mchana, anijulishe tuanze kabla mvua hazijarudi.