Ukiokota Wavu, Umeokota Kesi

Mtu akipoteza wavu baharini hupewa pole mpaka anachoka kuitikia. Mtu akiuokota huulizwa, "Umeupata wapi?", tena kwa ile sauti ambayo jibu lolote utakalotoa limeshakataliwa kabla hujafungua kinywa. Ndiyo maana mie nikiona boya linaelea bila mwenyewe, hutazama pembeni nikajifanya nahesabu mawingu.

La safari hii halikunipa nafasi ya kutazama pembeni. Nang'oa nanga, haing'oki. Navuta, inakuja kidogo, inarudi. Nikavuta hadi mgongo ukalia, ikatokea kamba, nyuma ya kamba nusu ya boya, nyuma ya boya wavu. Na wavu wenyewe haukuwa mtupu. Mlikuwa na samaki waliooza, samaki waliokuwa mbioni kuoza, na kaa mmoja mzima kabisa, aliyefuata mzoga akanasa naye. Kaa yule alinitolea macho ya lawama, utadhani mie ndiye niliyemtega. Nikajua kesi imeanza na shahidi wa kwanza keshapatikana.

Ningeurudisha majini? Hapana, jamani. Wavu wa nailoni hauna adabu. Zamani nyavu zilifumwa kwa pamba na katani. Ukipotea, bahari inauozesha, mambo yanakwisha kimyakimya. Kisha mwaka 1935, huko Marekani, mkemia Wallace Carothers na wenzake wa kampuni ya DuPont wakatengeneza nailoni, na hiyo ilipoingia kwenye uvuvi, kuoza kukasahaulika. Wavu uliopotea unakaa chini miaka na miaka na kazi haujaacha. Samaki ananasa, anakufa, anageuka chambo cha mwenzake, mwenzake naye ananasa. Kasa akinaswa hawezi kupanda juu kuvuta pumzi, basi tena. Na hapo ndipo roho inaniuma mara mbili: mie naamka alfajiri, nachoma mafuta, narudi na visamaki vya kumwonea haya hata paka, wavu usio na mvuvi, usio na chombo wala leseni, unavua usiku na mchana, na haumlipi mtu.

Basi nikaupakia, nikaufikisha nchi kavu, nikaueneza juani na kutangaza kwamba mwenye wavu aje. Kosa la nani sijui, maana mie nilisema "mwenye wavu", wakaja wenye nyavu wote.

Wa kwanza nikamwambia, haya bwana, nieleze wavu wako ulivyo. Akafikiri sana. Akasema, "Una matundu." Wa pili akasema wake una kamba juu na kamba chini. Wa tatu hakudai wavu, alidai boya, tena akataka nimtafutie na ile nusu nyingine. Mwingine aliyeibiwa mashine ya boti zamani akaja kuuliza kama katika kuvuta kwangu sikuiona chini huko. Na wote, kila mmoja kwa kiapo, wavu wake ulikuwa mpya. Sijapata kukutana na mtu aliyepoteza wavu mkuukuu. Nyavu kuukuu hazipotei duniani. Zinazopotea ni zile zilizotoka dukani jana, hazijashika hata shombo.

Halafu kila mtu ana mkasa wake, na hapo ukae chini maana hakuna wa kufupisha. Huyu wavu wake ulinasa kwenye mwamba. Yule meli ya kukokota nyavu ilipita usiku ikauzoa kama ilivyoukuta. Wa madema, ile mitego ya samaki inayozamishwa chini, ndiye niliyemhurumia. Akifunga boya kwa kamba fupi, bamvua likija maji yanapanda, boya linazama, halionekani lenyewe wala dema. Akifunga kamba ndefu, maji yakipwa inalegea juu ya uso wa bahari, propela ya boti inapita, kwisha habari. Nikamuuliza sasa unafanyaje? Akasema, "Naomba Mungu, na boya lingine naweka akiba." Kuna nchi ambako dema hutakiwa kuwa na kimlango kilichofungwa kwa uzi wa asili unaooza, ili likipotea, uzi ukatike na wafungwa watoke. Nikamweleza. Akaniuliza kama mlango ukioza kabla dema halijapotea, hasara ni ya nani. Sikuwa na jibu, nikahamia kwa mwingine.

Sasa mnaniuliza, mbona hawaweki alama? Hata mie nauliza! Mwaka 2018 Kamati ya Uvuvi ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliidhinisha miongozo ya kuweka alama kwenye zana za uvuvi, ili anayeokota ajue pa kupeleka na anayepoteza atoe taarifa ni zana gani, imepotelea wapi na lini. Ila miongozo ni ya hiari, na binadamu ukimwachia hiari unamjua. Yule anayejitahidi anachora alama kwenye boya, rangi nzuri, herufi kubwa, anafurahi. Boya ndilo linalokatika kwanza! Boya linaondoka na jina lake, wavu unabaki chini bubu. Wachache sana wanafunga kibati kwenye kamba ya wavu wenyewe, na nyavu za hao wachache, sijui kwa nini, sizipati mie.

Kuna na MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, ambao Kiambatisho chake cha Tano kilianza kazi mwisho wa 1988 na kinakataza kutupa nyavu za plastiki baharini. Zikikupotea kwa ajali huvunji sheria, ilimradi ulichukua tahadhari zote za maana. Niliposoma hayo kwa sauti, umati wote ukaitikia kwamba tahadhari walichukua. Mmoja wao namjua vizuri: tahadhari yake yote ilikuwa usingizi.

Na kabla sijasahau, kuna zana moja haina mdai hata siku moja. Ndoana. Wavu ukiutangaza wanajaa watu, ndoana ikutwe imeingia unyayoni mwako mpaka kile kijino cha nyuma, uchechemee pwani nzima ukiuliza "hii ya nani?", kila mtu anavua kwa nyavu siku hiyo. Hata yule aliyeketi palepale na mshipi mkononi atakuambia yeye anaanika uzi tu.

Turudi kwenye wavu. Jua limeshaanza kuteremka, nusu yao wanagombana wao kwa wao, ndipo akaja mzee mmoja asiyesema neno. Hakuuliza rangi wala ukubwa wa macho ya wavu. Akachuchumaa, akaupitisha mikononi taratibu, pima baada ya pima, mpaka akafika mahali akasimama. "Hapa alipasua papa. Nikashona mwenyewe kwa uzi wa kijani, na fundo langu nalirudia mara mbili." Tukasogea. Uzi wa kijani upo. Fundo limerudiwa mara mbili. Wenye nyavu mpya wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mtu amekumbuka ana shughuli.

Nikajikohoza, nikajiweka sawa, nikisubiri asante yangu. Si kwa ubaya, lakini mgongo ulikuwa bado unaniuma na nilikuwa nanuka kuliko samaki wenyewe.

Mzee akainua mwisho wa wavu. "Nani kaikata kamba hii?"

Nikamwambia, mzee wangu, nimekata mie, ilikuwa imejizungusha kwenye nanga yangu, bila hivyo ningekuwa huko hadi sasa.

"Na huu mbona mfupi?"

Nikamwambia nilichovuta ndicho hicho.

Akatikisa kichwa. Akasema hiyo ni nusu tu. Nusu nyingine imebaki chini, inaua samaki ovyo, na haifai kuachwa. Hapo kwa kweli ana haki, siwezi kumbishia. Akaniuliza nilinasia wapi hasa. Nikanyoosha kidole baharini. Akataka nimtajie alama za kuelekezea. Nikamwambia nilikuwa nakokotana na nanga huku mkondo unanisukuma, alama ningezitazama kwa macho yapi?

"Basi twende wote," akasema. "Tusubiri maji mafu, mkondo ukipungua. Chombo changu kiko kwenye matengenezo, tutatumia chako."

Nikameza mate. Nikauliza kwa heshima zote, "Na mafuta, mzee wangu, juu ya nani?"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli kabisa.

"Kwani aliyeuokota nani?"