Printa Iko Ubavuni, Karatasi Imetoka Posta

Mimi ni mtunza stoo wa tawi la Mwanza, na printa ninayoitumia imekaa ubavuni mwangu kiasi kwamba nikipiga chafya nayo hutikisika. Ukaribu huo haujanisaidia chochote tangu makao makuu yalipoamua kwamba kumbukumbu zote za mzigo zikae kwenye seva moja iliyoko Dar es Salaam, nasi watu wa mikoani tuwe tunaifikia kwa rimoti desktopu. Kompyuta iliyo mbele yangu imebaki kuwa dirisha la kuchungulia kompyuta nyingine iliyo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Ninachobonyeza Mwanza kinatendeka Dar es Salaam, na hati ya mzigo ninayotaka kumkabidhi dereva aliyesimama mlangoni hutengenezwa kule, ikafungashwa, ikarudishwa kwa intaneti hadi kwenye kompyuta yangu, ndipo printa ikabidhiwe. Ni sawa na mkazi wa Kirumba anayetaka kumpa jirani chumvi dirishani, akaambiwa chumvi hiyo ipitie kwanza Kariakoo ikapimwe.

Sisemi kwamba jambo hili haliwezekani, kwa maana limewezekana tangu enzi za Windows 2000. Ilipotoka Windows Server 2008 ukaja pia utaratibu uitwao Easy Print, uliokusudiwa kuiondolea seva mzigo wa kuhifadhi draiva, yaani programu ya kuiendesha printa, ya kila printa ya kila tawi: seva huandaa ukurasa kwa umbo moja la jumla, na kompyuta ya huku humalizia kazi kwa draiva yake yenyewe. Aliyebuni hayo alikuwa na akili timamu na nia njema. Ninachoshuku ni kwamba hakuwahi kukodolewa macho na utingo.

Shida ya kwanza ni jina. Kila ninapoingia kwenye seva, printa yangu huandikwa upya, jina lake likifuatwa na nambari ya kikao, yaani ya kule kuingia kwangu, ambayo leo inaweza kuwa 4 na kesho 11, kutegemea ni nani na nani wametangulia kuingia. Programu yetu ya stoo, iliyotungwa na mtu mwenye imani kubwa kwamba mambo ya dunia hayabadiliki, hukariri jina la jana. Isipolikuta, haiulizi wala hailalamiki, bali huipeleka karatasi kwenye printa nyingine inayoifahamu, nayo ni ile ya idara ya uhasibu, ghorofani, mtaa wa Posta, Dar es Salaam. Mimi huku huoneshwa ujumbe wa kunihakikishia kwamba kazi imekamilika, nami nikigeuka kuitazama printa, naikuta imetulia tuli, taa yake ya kijani ikiwaka bila aibu.

"Bwana stoo, karatasi vipi?" huuliza dereva.

"Imeshatoka, ndugu yangu."

"Imetokea wapi?"

"Dar es Salaam."

Hapo dereva humtazama utingo wake, utingo hulitazama lori, nami huitazama dari. Mzigo ni sabuni na mafuta ya kula ya kwenda Geita. Serikali imejenga daraja la takriban kilomita 3 juu ya ziwa, kutoka Kigongo hadi Busisi, likafunguliwa mwaka 2025 ili magari yasipoteze muda yakisubiri kivuko, na sasa muda wote uliookolewa kule unatumika mlangoni kwangu.

Basi mimi hupiga simu makao makuu, ambako hupokea kijana wa kompyuta mwenye adabu isiyo na kifani. Huniamkia shikamoo, huniuliza hali ya nyumbani, kisha huniuliza kama niliweka alama ya tiki kwenye printa kabla sijaunganisha. Tiki ipo. Basi huniomba nitoke kabisa, wala nisifunge dirisha tu, kwa sababu dirisha likifungwa bila kutoka, kikao huendelea kuwa hai kule kule. Natoka, naingia, nambari inabadilika, programu inapotea upya, na kijana huniambia kwa upole: "Mzee, huku kwetu naona imechapa vizuri."

Siku ambazo karatasi inakubali kutokea Mwanza zina adha yake. Makao makuu hutaka hati zenye nakala tatu za rangi mbalimbali, kwa hiyo printa yetu ni ya doti matriksi, ile inayogonga utepe wa wino hadi karatasi ya chini kabisa ipate alama. Zamani ilipokea herufi na kuzigonga, ikamaliza. Siku hizi ukurasa huletwa kama picha, na printa, badala ya kuandika neno "sabuni", hulichora nukta kwa nukta kwa kelele inayotulazimisha kutoka nje kupokea simu. Isitoshe, karatasi zetu za mkunjo, zenye matundu pembeni, zina urefu wa milimita 279, ilhali seva imeshikilia kwamba dunia nzima inatumia A4 yenye milimita 297. Hati ya kwanza huanza mahali pake, ya pili hushuka milimita 18, na kufikia ya sita jina la kampuni limeteremka sentimita 9, likakaa katikati ya orodha ya mafuta, huku sahihi ya mpokeaji wa Sengerema ikiwa imehamia kwenye hati ya mteja wa Geita.

Ilikuwapo njia moja ya busara, ya kuhifadhi hati kama PDF kule kwenye seva, kuivuta hadi kwenye diski ya kompyuta ya huku, na kuichapa hapa kwa amani. Makao makuu yalipogundua kwamba njia hiyo inafanya kazi, yaliifunga kwa sababu za usalama.

Karatasi zangu zinazotokea Posta hazitupwi. Dada wa uhasibu ni mtu wa utaratibu. Huzitoboa, huzipanga kwa tarehe, na kila mwisho wa mwezi hunitumia furushi kwa basi, likiwa na hati halali za sabuni ambayo imeshafuliwa ikaisha na mafuta ambayo yameshakaangiwa samaki. Furushi la mwezi uliopita lilikuwa na ukurasa wa ziada juu kabisa: dai la gharama za karatasi na wino uliotumika, likielekezwa kwa tawi la Mwanza. Dai hilo lilikuwa limechapwa vizuri sana, pambizo sawa pande zote, herufi nyeusi ya kupendeza.