Boksi la chipubodi, lawama kwa modela

Inaudhi kweli! Ndeeba, hapo Kampala, imejaa mbao na plaiwudi ya milimita 18, halafu fundi anamchongea mtu boksi la spika ya gitaa kwa chipubodi, ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, eti likishavishwa ngozi ya plastiki hakuna atakayejua. Spika ya inchi 12 ina sumaku nzito. Skrubu hulegea kwa mtikisiko, matundu yake yanamomonyoka, hewa inavuja, na uzi wa E ya chini, hezi 82 tu, unaanza kukwaruza. Basi mpiga gitaa wa watu anahangaika na modela, kile kifaa cha kidijitali kinachoiga sauti za amplifaya na spika: anapunguza besi, anabadilisha amplifaya moja baada ya nyingine kwenye skrini. Bure! Bonyeza ubao wa nyuma kwa kiganja huku E ikilia. Mkwaruzo ukikatika, kosa ni la boksi.

Mafundi, jamani, tumieni plaiwudi, boliti na nati za meno zinazouma mbao kwa nyuma. Tundu la kuingizia spika ya inchi 12 huwa karibu milimita 283, lakini pimeni spika yenyewe kabla ya kukata.

Na modela ikipitia pawa amplifaya kwenda kwenye boksi hilo, zima uigaji wa spika ndani ya modela, maana spika halisi tayari ipo. Ukiuacha, sauti inachujwa mara mbili na kufifia.